Betri ya Ratemo

Ratemo alikuwa akianguka siku sita kwa wiki, na siku ya saba alikuwa mzima kama mimi na wewe. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Lau angeanguka siku zote saba, watu wa Manga wangemhurumia, wangemletea ndizi na maziwa, wangemwombea, na mambo yangeishia hapo. Lakini ugonjwa unaojua kalenda, nani ataukorogea uji?

Wa kwanza kuuliza hivyo kwa sauti alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Alfayo. Habari hizi nazisimulia kutoka upande wake, na si kwa kumtetea. Yeye ndiye aliyebaki nazo.

Alfayo alikuwa mfunga vidonda katika zahanati ya kanisa, juu pale ukingoni mwa kilima. Alisafisha majeraha, alidunga sindano, na kila siku saa mbili asubuhi alifungua redio ya mawasiliano akaongea na Nairobi. Aliagiza dawa, akaeleza wagonjwa waliomshinda, akapokea maagizo ya daktari. Redio ilikaa mezani katika chumba kidogo, juu ya betri ya gari, na waya wake ulipita darini, ukatoka nje, ukavuka ua hadi kwenye mkaratusi mmoja mrefu. Siku ya Sabato, ambayo kwa kanisa hilo ni Jumamosi, redio haikufunguliwa. Mitambo nayo ilipumzika, kama ng'ombe na punda.

Mkaratusi huo ulikuwa katika shamba la Ratemo. Baba yao aliligawa shamba kwa vipande virefu kutoka ukingoni hadi mtoni, kama tunavyogawa huku, na kipande cha juu kabisa alikitoa kwa kanisa. Kilichofuata kilikuwa cha Ratemo, ila hakuwa amekaa hapo miaka kumi na mitano, kwa sababu alikuwa seremala Nairobi.

Machi mwaka wa 1974 Ratemo alirudi nyumbani akiwa na betri kifuani. Moyo wake ulikuwa umeanza kusahau kupiga. Madaktari wa Nairobi walimpasua, wakamwekea chini ya ngozi kijidude cha ukubwa wa mkebe wa rangi ya viatu, chenye waya ulioingia hadi moyoni. Kazi yake, walimwambia, ni kuukumbusha moyo. Watu walikuja kutoka Marani na Nyaramba kukitazama hicho kivimbe. Ratemo hakuwa mchoyo, alifungua vifungo vya shati kwa kila aliyeomba.

Alfayo ndiye aliyemjengea nyumba. Angeweza kuijenga chini, karibu na maji, lakini alisema mtu mwenye moyo wa namna ile akae karibu na dawa. Basi akaijenga chini ya mkaratusi, hatua thelathini kutoka mlango wa zahanati. Nguzo alizikata mwenyewe na udongo akaukandika mwenyewe, kwa sababu alimpenda kaka yake, na hilo lisemwe wazi kabla hatujaendelea.

Kuanguka kulianza wiki ile ile yeye na mkewe walipohamia. Asubuhi, umande ukianza kukauka, watu walijifunga vikapu mgongoni wakashuka kuchuma chai. Ratemo alikaa kwenye shina la mkaratusi, mahali jua lilipofika kwanza, akanywa uji wa wimbi kabla ya kuwafuata wenzake. Ghafla bakuli likamtoka mkononi, macho yakageuka, akaenda chini kama gunia. Mkewe, Drusilla, alimpigia kelele, akamtikisa. Baada ya muda Ratemo alirudi, akauliza nani amemwaga uji.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Kila mara Drusilla alikimbia hatua zile thelathini hadi kwenye dirisha la chumba cha redio. Kila mara alimkuta Alfayo ameshika kipaza sauti, anaongea na Nairobi, na Alfayo aliinua kiganja cha mkono wa kushoto kumwambia subiri. Huwezi kukata maneno katikati. Zahanati nyingine zinangoja zamu. Alipomaliza alizima redio, akachukua kibegi chake, akaenda. Alimkuta Ratemo ameketi, anafuta uji kwenye shati. Alimshika mshipa wa mkono, akatazama saa. Mapigo sabini, yamepangika vizuri kuliko ya kwake mwenyewe.

"Huna kitu," alimwambia.

"Nimeanguka, ominto," Ratemo alijibu. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, ndugu yangu.

"Umeanguka, lakini huna kitu."

Sabato ilipofika, Ratemo alibeba mabenchi ya kanisa mawili mawili, akaimba besi hadi madirisha yakatetemeka, akala, akapanda kilima kuwaona wagonjwa, akashuka. Alfayo alikuwa naye kutwa nzima na hakumwondolea macho. Hakuna kilichotokea. Jumapili asubuhi, vikapu vilipoinuliwa, Ratemo akaanguka.

Sasa niambie wewe ungefikiri nini. Mtu anaanguka saa ya kwenda kuchuma chai. Siku isiyo na chai haanguki. Mtu wa dawa hajawahi kumwona akianguka, anayemwona ni mkewe tu, na akipimwa yuko sawa. Chini kule kwenye chai watu walianza kumteta. Walisema Nairobi imemfundisha kutega kazi. Mmoja akasema hata yeye angependa kuwekewa betri ya namna hiyo, inayozimika ikiona kikapu.

Alfayo alijitia hamnazo mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tatu alikuwa amechoka, na uchovu ukageuka uchungu. Huyu ndiye kaka aliyemfundisha kuogelea, aliyemlipia shule kwa kuuza viti, naye sasa alikuwa analala chini kila asubuhi huku mkewe akichuma peke yake. Alimwonea haya. Watu walipocheka, Alfayo alisikia kana kwamba wanamcheka yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyejenga ile nyumba.

Mzee Abner, mzee wa kanisa, alimwita baada ya ibada.

"Wewe ndiye mtu wa dawa," alisema. "Tuambie. Ndugu yako ni mgonjwa au si mgonjwa?"

Alfayo angeweza kusema sijui. Hilo ndilo lililokuwa jibu. Badala yake alisema, "Mzee, kila nikimpima ni mzima."

Kwa neno hilo Ratemo aliitwa mbele ya baraza la kanisa. Walimsomea ile amri ya nne, na hawakumsomea kipande cha kupumzika, walimsomea kile kinachosema siku sita fanya kazi. Ratemo alisimama akiwa ameshika kofia.

"Ninaanguka," alisema. "Sijui kwa nini Sabato sianguki. Ningejua ningewaambia."

Waliuliza kama kuna aliyemwona zaidi ya mkewe. Macho yalimwendea Alfayo, na Alfayo akatazama viatu vyake. Ratemo akawekwa chini ya karipio miezi sita kwa uvivu na uongo, na asiimbe tena katika kwaya hadi atubu. Alikubali kuacha kwaya. Kutubu alikataa. Alisema hawezi kutubu kitu ambacho hakijui.

Baada ya hapo ndugu hawa wawili walipitana njiani wiki tatu bila neno. Halafu siku ya Jumatano jioni Drusilla alikuja zahanati, kikapu kikiwa bado mgongoni.

"Shemeji," alisema, "wewe hujawahi kumwona akianguka. Hata mara moja."

"Saa hiyo niko kazini."

"Najua uko kazini. Umeninyoshea kiganja miezi mitano. Kesho nitamleta hapo kazini kwako, akae kando yako, umwone. Asipoanguka, nitakuja mbele ya kanisa niseme mimi ndiye mwongo."

Alfayo alikubali. Alifurahi hata, maana jambo lingekatwa mara moja.

Alhamisi saa mbili kasoro robo walikuja. Ratemo alikuwa ameoga na kuvaa koti lake la Sabato, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Drusilla alimkalisha kwenye kiti kando ya meza ya redio, akamfunga kifungo cha koti, akamwambia Alfayo, "Usimwondolee macho," kisha akashuka kwenye chai. Hakutaka kusemwa kwamba alikuwepo.

Wakabaki wawili. Ratemo aliitazama redio.

"Ndiyo hii unaongea nayo na Nairobi?"

"Ndiyo hii."

"Kumbe ni ndogo."

Hayo tu. Wiki tatu za kununiana, na maneno yenyewe yakawa hayo. Alfayo alitaka kumuuliza kama amekunywa uji, lakini saa ilikuwa imefika. Aliwasha mashine, akachukua kipaza sauti, akabonyeza kitufe.

Aliyempokea Nairobi alikuwa Obura, mtu wa kutoka kando ya ziwa. Walikuwa wameongea kila asubuhi kwa miaka minne na hawajaonana uso kwa uso. Alfayo alianza kusoma orodha ya dawa: penisilini, klorokwini, bandeji. Alipofika kwenye bandeji aliona kichwa cha Ratemo kimelala begani na mdomo umefunguka. Alisema moyoni, ameanza. Akamtazama kwa hasira, akaendelea kusoma orodha hadi mwisho, akaachia kitufe ili asikilize.

Ratemo alivuta pumzi ndefu. Rangi ikamrudia.

"Umeona?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimeona umelala," Alfayo alijibu.

Obura aliuliza bandeji ni kiasi gani. Alfayo akabonyeza kitufe, na safari hii alikuwa anamtazama kaka yake machoni. Aliyaona macho yakipanda juu. Aliuona mkono ukitetemeka, kisha suruali yake ya Sabato ikalowa. Mtu wa zahanati huyajua macho. Haya hayaigizwi. Aliukamata mkono wa Ratemo kwa mkono wake wa kushoto, akatafuta mshipa, na mshipa haukuwepo.

Nataka ieleweke kwamba alifanya kila kitu sawasawa. Alikuwa amefundishwa hivi: ukishindwa, ita Nairobi. Akaita Nairobi.

"Nina mgonjwa hapa hapa. Ana betri ya moyo, ameanguka, sina mapigo. Nataka daktari. Ova."

Akaachia kitufe. Chini ya vidole vyake vya kushoto mshipa ukagonga, ukagonga tena, ukapata mwendo wake.

"Ngoja naita daktari," Obura alisema.

Ratemo alifungua macho akamtazama. Alfayo alimwambia, "Kaka, nimekuona. Nimekuona sasa. Vumilia," na Ratemo akatikisa kichwa kukubali.

"Manga, daktari amefika. Anauliza pulsi ni ngapi. Ova."

"Mapigo yamerudi, ni sabini..." Alfayo alianza, kitufe kikiwa kimebonyezwa, na vidole vya mkono wa kushoto vikamwambia vingine. "Hapana. Yamepotea. Hakuna kitu. Niambieni nimdunge nini. Ova."

Akaachia. Mapigo hayakurudi upesi. Yaliporudi yalikuwa membamba, kama ya mtoto.

"Daktari anauliza hiyo pulsi inapotea wakati gani. Ova."

"Sasa," Alfayo alisema. "Inapotea sasa hivi, nikiongea na nyinyi. Ova."

Nairobi ikanyamaza. Kilikuwa kimya cha sekunde chache tu, na katika sekunde hizo Ratemo alikuwa hai, anapumua, mshipa unagonga. Kisha Obura akarudi, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne sauti yake ilikuwa imepanda.

"Daktari anasema zima redio, mtoe mgonjwa nje. Ova."

Hapa kuna desturi ya kazi ambayo yeyote aliyeshika redio zile anaijua. Agizo la daktari halitekelezwi kabla ya kurudiwa. Mpokeaji hulisema lote, mara mbili, neno kwa neno, ndipo anafanya, kwa sababu sauti hukwaruza na mtu anaweza kudunga kumi badala ya moja. Obura ndiye aliyemfundisha Alfayo hivyo, na hakuwa ameacha kuisisitiza hata siku moja. Ndiyo maana hata pale, katika haraka yote ile, alimalizia kwa ova, neno la kumpa mwenzako zamu ya kujibu.

Alfayo akabonyeza kitufe. "Nimepokea. Nizime redio, nimtoe mgonjwa nje. Narudia. Nizime redio, nimtoe mgonjwa nje. Ova."

Kisha akazima. Alimbeba Ratemo mgongoni, akamlaza kwenye nyasi, akashika mshipa akangoja urudi kama ulivyokuwa ukirudi. Alimkandamiza kifua. Alimpulizia pumzi. Alingoja tena. Wagonjwa waliokuja na vidonda vyao walisimama mbali wakitazama, na jua likafika kwenye shina la mkaratusi, na mshipa haukurudi.

Hakulia. Alimfunika kwa shuka la zahanati, akaandika saa kwenye kitabu cha wagonjwa. Alimtuma mtu kwenye chai akamwite Drusilla. Halafu akachemsha sindano, kwa kuwa kulikuwa na watu sita wanaongoja sindano, akawadunga wote sita. Watu walimwona katili. Mimi sidhani alikuwa katili. Nadhani hakuwa anasikia kitu chochote, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Ijumaa saa mbili alifungua redio. Ilikuwa ni kazi yake. Obura alikuwa anamngoja, na zahanati nyingine zote zilikuwa zimeambiwa zinyamaze.

"Pole, ndugu yangu," Obura alisema. "Daktari amenieleza, mimi nakueleza. Hiyo kitu yake inasikiliza moyo. Moyo ikipiga yenyewe, hiyo kitu inanyamaza. Moyo ikikosa, inaipiga teke. Sasa wewe ukiongea, redio inarusha nguvu yake kwa waya, na hiyo kitu ikiwa karibu inasikia ile nguvu. Inadhani ni moyo imepiga. Inanyamaza. Nisikize, Alfayo. Hii usirudie. Ova."

Lakini Alfayo alikuwa ameshabonyeza kitufe.

"Nimepokea. Kifaa kinasikiliza moyo. Moyo ukipiga, kinanyamaza. Nikiongea karibu kinadhani ni moyo. Kinanyamaza." Akarudia tena yote, kama alivyofundishwa, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya bandeji. Kisha akaagiza klorokwini.

Alipozima alitoka nje akasimama chini ya ule waya. Aliufuata kwa macho kutoka darini hadi kwenye mkaratusi, na kutoka kwenye mkaratusi hadi chini kwenye shina. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Ratemo alizikwa Jumapili, kando ya nyumba aliyojengewa. Mzee Abner alisimama mbele ya watu, akasema baraza limeketi na karipio limeondolewa, marehemu ahesabiwe kuwa hakuwa mwongo. Kwaya ikaimba bila besi ya maana. Alfayo alipoitwa kusema alisema, "Kaka yangu alikuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyesema ni mzima," akakaa. Watu walidhani amezidiwa na huzuni. Angekuwa na huzuni ingekuwa afadhali.

Jioni, watu walipopungua, alimfuata Drusilla jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, moto umezimika mbele yake, naye hakuuchochea.

"Ulimwona akianguka?" Drusilla aliuliza. Tangu Alhamisi hakuwa amemuuliza mtu kitu kingine.

"Nilimwona."

"Basi."

Alfayo angeweza kuondoka na hilo "basi". Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na Nairobi, na Nairobi ni mbali. Lakini alisimama pale pale na akaanza kueleza, tangu waya hadi kitufe, bila kupandisha wala kushusha sauti. Alieleza orodha aliyoisoma hadi mwisho. Alieleza agizo alilolirudia mara mbili. Drusilla alisikiliza mikono ikiwa magotini hadi mwisho.

"Na nilipokuwa nakuja dirishani," alisema, "ukininyoshea kiganja."

"Nilikuwa naongea."

"Siku sita."

"Siku sita."

Drusilla aliinama, akageuza kijinga cha moto kilichokufa, akakirudisha palepale.

"Kwa hiyo Sabato," alisema, "ndiyo siku wewe ulikuwa unamwacha apumzike."

"Ndiyo, shemeji," Alfayo alijibu.